Kulaza Pikipiki Katika Mji Usio na Theluji

Watu wa nchi za baridi wana bahati moja wasiyoihesabu: adui wao huja kwa kalenda. Oktoba ikiisha, mwendesha pikipiki wa Ujerumani anajua kwamba starehe imefungwa mpaka Machi. Tangu 1997 sheria yao inaruhusu kibao cha namba cha msimu, chenye tarakimu pembeni zinazoonyesha mwezi wa kuanza na mwezi wa kumaliza. Nje ya miezi hiyo pikipiki haigusi barabara, wala kodi na bima yake hazilipwi. Nimeviona vibao hivyo Hamburg. Kazi yangu ni ya injini kwenye meli za mizigo, na tukifunga gati huko Desemba wenzangu hushuka kupiga picha na theluji. Mimi huchungulia chini ya maturubai ya watu nione pikipiki zao zimelazwa vipi, yaani zimehifadhiwaje kwa miezi isiyoendeshwa.

Hapa kwetu Mombasa hakuna mwezi ulioandikwa popote. Pikipiki inalazwa kwa sababu mwenyewe anaondoka: baharia kapata mkataba, mwingine anakwenda Ghuba kutafuta maisha, mwingine kachoshwa na masika tu, maana Mei ikishusha mvua zake njia za Kisauni hugeuka mito na mwenye akili hupanda matatu. Basi mtu huisukuma pikipiki hadi uani, huitupia turubai, humkabidhi mamake ufunguo, kwaheri. Akirudi anakuta cheni imekauka kama fimbo, spoki zimevaa kahawia, tairi limelala juu ya rimu. Hapo humlaumu aliyemuuzia.

Miongozo ya kulaza pikipiki iliyojaa mitandaoni imeandikwa na watu wa theluji. Mtu wa Pwani akiifuata neno kwa neno atajikuta anakinga barafu isiyokuja na kuacha mlango wazi kwa joto lililopo. Karibu nusu ya mashauri yao lazima yapinduliwe yakifika huku. Yaliyobaki ni mazuri mno, kwa sababu adui wao mkubwa na wetu ni mmoja, yaani chumvi. Wao humwagiwa barabarani ili barafu iyeyuke. Sisi tunaletewa na upepo bila ya malipo.

Kusi ikivuma, mawimbi hupiga miamba na kurusha vitone vidogo ambavyo jicho halivioni. Simama kando ya bahari pale Mama Ngina jioni moja ya Julai, kisha lamba mdomo wako. Vitone hivyo vikikauka juu ya chuma huacha chumvi, na hapo ndipo mambo yanapoanza. Chumvi safi ya jikoni huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu ukipita asilimia 75 hivi, ndiyo maana kichupa cha chumvi Mombasa hutiwa punje za mchele. Lakini chumvi ya bahari ina kloridi ya magnesi ndani yake, na hiyo huvuta maji hata unyevu ukiwa asilimia 33 tu. Hewa ya Mombasa kukauka kiasi hicho ni jambo la nadra. Kwa hiyo chuma chenye chumvi ya bahari, hapa kwetu, hakikauki. Unaweza kukipangusa, ukakiingiza ndani, ukakiwekea feni, na bado kuna utando mwembamba wa maji ya chumvi unaokila usiku na mchana. Alumini nayo haisalimiki, ila yenyewe hutoa unga mweupe badala ya kutu nyekundu, na chini ya unga huo kuna vishimo. Vishimo kama hivyo vikitokea kwenye vyuma vinavyong'aa vya shoku za mbele, kila shoku ikishuka na kupanda hukwaruza sili zake, ile mipira inayozuia mafuta yasitoke, kidogo kidogo, mpaka siku moja unaona mafuta yanachuruzika kuelekea breki.

Kazi ya kwanza basi ni kuosha, na kuosha Mombasa kuna mtego wake. Maji yenyewe yana chumvi! Visima vingi vya kisiwani hutoa maji ya magadi, na sehemu nyingi za kuoshea magari hutumia maji hayo hayo, kwa sababu maji ya bomba yanayotoka Mzima na Baricho hayatoshi na kuna mitaa inakaa siku kadhaa bila ya kuyaona. Unalipa, pikipiki inang'aa, na umeipaka chumvi upya kutoka juu hadi chini. Namna ya kujua ni rahisi: tia sabuni. Maji ya chumvi hayatoi povu la maana. Au yaonje, kama hukinai. Mimi kwa osho la mwisho kabla ya safari hununua maji matamu ya mkokoteni, mitungi mitatu ya lita 20, na nikibahatisha mvua ya masika huikinga kwenye pipa, kwa sababu maji ya mvua ya kutwa nzima ndiyo bora kuliko yote na hayana bei. Naanza chini. Watu huosha tangi na kiti, mahali panapoonekana, kumbe chumvi imejificha chini ya madigadi, kwenye vichwa vya spoki, nyuma ya sproketi, na kwenye viungio vya stendi. Kama huvuka Likoni kila siku, sakafu ya feri ina maji ya bahari nayo matairi yanayarusha huko huko chini. Mashine ya kufyatua maji kwa nguvu siipendi. Inasukuma maji kwenye beringi za magurudumu na za usukani, na maji yakishaingia humo hayatoki.

Ikishaoshwa, naiendesha mbali kidogo, hadi Mtwapa na kurudi, ichemke sawasawa. Moto wa injini hukausha pembe ambazo kitambaa hakifiki. Nikirudi tu, oili inamwagwa ikiwa bado moto.

Juu ya oili fundi wangu wa Mwembe Tayari na mimi hatujapatana hadi leo. Yeye anasema, "Baharia, unakwenda miezi yote hiyo, utamwaga oili mpya ikae bure? Subiri ukirudi." Naelewa hesabu yake, pesa ni pesa. Ila oili iliyotumika ina maji na asidi zilizotokana na petroli kuungua, na asidi hizo hukaa juu ya beringi na kamshafti muda wote pikipiki imelala. Oili mpya ya 20W-50, ile ile ya kawaida inayowekwa kwenye Boxer na TVS, haina hayo. Injini moja ya pikipiki ndogo inanywa kama lita moja tu. Kule melini tukiisimamisha injini kwa muda mrefu hatuachi oili chafu ndani, na injini ile bei yake ni ya mtaa mzima.

Kisha plagi inafunguliwa, kijiko cha oili safi kinamiminwa ndani ya silinda, unapiga kiki taratibu mara kadhaa bila ya kuwasha ili oili ipake kuta na ringi, na plagi inarudishwa. Hili limo kwenye miongozo ya theluji na halihitaji kupinduliwa.

Petroli ndiyo yenye maneno mengi.

Miongozo yote inasema: jaza tangi pomoni. Sababu yao ni nzuri. Tangi likijaa halina nafasi ya hewa, hewa isipokuwepo unyevu hauna pa kugeuka matone, na chuma cha ndani hakipati kutu. Halafu wanaongeza dawa ya kuhifadhi petroli, hasa Uingereza, ambako tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida imechanganywa na hadi asilimia 10 ya ethanoli, nayo ethanoli hupenda maji. Yote sawa. Lakini wao huilaza pikipiki kwenye gereji yenye baridi, mbali na mahali wanapolala. Mimi nailaza kwenye ukumbi wa nyumba ya familia, hatua chache kutoka jikoni. Siku niliyoingia na tangi lililojaa, mama alisimama mlangoni na upawa mkononi.

"Mwanangu, hiyo petroli yako na jiko langu havilali nyumba moja. Chagua."

Sikuona la kuchagua. Tena joto letu liko upande wa mama. Petroli ikikaa kwenye joto, sehemu zake nyepesi zinazowasha moto haraka hupeperuka kupitia tundu la kifuniko, na zinazobaki huzeeka zikawa gundi. Basi mimi huikausha. Nafunga koki, naimwaga petroli yote kwenye mtungi wa chuma na kumpa jirani mwenye boda, naye huondoka akiniombea dua. Kabureta, inayochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, ina skrubu ndogo chini ya bakuli lake. Inafunguliwa, kilichobaki kinatoka. Hapa usifanye uvivu, kwa sababu vijitundu vya kabureta ni vyembamba mno, na petroli kidogo iliyokauka humo ndiyo inayofanya watu wasukume pikipiki hadi kwa fundi siku ya kwanza ya kurudi.

Tangi tupu lina hatari yake, na nalisema kwa sababu nimeona watu wanalichukulia wepesi: tangi lililomwagwa petroli lakini bado lina mvuke hulipuka upesi kuliko lililojaa, maana kinachoshika moto ni mvuke uliochanganyika na hewa. Liache wazi nje, kivulini, siku mbili tatu, mbali na sigara na makaa. Likishaacha kunuka, mimina kikombe cha oili ya injini, ligeuzegeuze kila upande mpaka oili ipake ndani kote, funga. Ukirudi unalisuuza kwa petroli kidogo. Ni kazi zaidi ya kujaza tangi, sikatai. Lakini kwa nyumba zetu, na kwa mtu anayeondoka kwa miezi, ndiyo njia ninayoiamini. Anayelaza kwa wiki chache za masika tu, na ana banda la nje, ajaze tu.

Ngozi ya nje sasa. Babu yangu alikuwa mtu wa majahazi, na bahari ilipochafuka katikati ya kusi vyombo vilipandishwa pwani. Hapo mbao zilipakwa sifa, mafuta ya ini la papa, na tumbo la chombo likapakwa deheni ya shahamu na chokaa. Harufu ya sifa ukishaipata utotoni haikuachi. Nilidhani ni elimu ya mbao peke yake mpaka niliposoma habari za Robert Fergusson, nahodha aliyegundua kwamba mafuta ghafi ya samaki yaliyomwagika kwenye sitaha ya chuma yalizuia kutu isiendelee. Akayatengeneza yakawa rangi, na mwaka 1921 akaanzisha huko Marekani kampuni ya Rust-Oleum. Papa wa babu na samaki wa Fergusson walikuwa wanafanya kazi moja: kuweka utando wa mafuta usiopitisha maji wala hewa.

Sishauri mtu apake pikipiki sifa, paka wote wa Mji wa Kale watahamia kwako. Mimi nachukua grisi ya kawaida, naipunguza uzito kwa mafuta ya taa kidogo mpaka ipakike kwa brashi, na kuipaka kwenye spoki, rimu za chuma, boriti za chini, boliti, salensa iliyopoa, na vyuma vya shoku. Mafuta ya taa hupeperuka, grisi hubaki. Vaselini inafaa kwa kromu na vioo vya pembeni. Yale mafuta ya kopo la kupuliza yana kazi yake ya kulegeza nati zilizokwama, ila utando wake ni mwembamba, hautamaliza miezi kwenye hewa yetu. Mafuta ya nazi, ambayo nimeulizwa mara nyingi, yanachacha na kuleta sisimizi. Na oili chafu, ambayo vijana wa boda huimwagia cheni, hata bure siitaki, kwa zile zile asidi nilizozitaja. Popote upakapo, diski na ngoma za breki zisiguswe. Ukisahau hilo, utalikumbuka kwenye mteremko wa kwanza.

Cheni inasuguliwa kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, inakauka, inapakwa oili nzito ya gia pingili kwa pingili. Waya za klachi na breki hutiwa matone. Matairi hujazwa upepo kamili, pikipiki inasimamishwa kwa stendi ya kati, na chini ya kila gurudumu kipande cha ubao ili mpira usikae kwenye saruji yenye unyevu.

Betri, hapa geuza mwongozo kichwa chini. Wao wanaitoa betri na kuiingiza penye joto, kwa sababu betri iliyoishiwa chaji huganda nyuzi chache tu chini ya sufuri na kupasuka. Sisi tunaitoa na kuitafutia penye baridi. Betri yoyote ya risasi na asidi hujimaliza yenyewe ikiwa imekaa, na joto likipanda kwa nyuzi 10 kasi hiyo huongezeka takriban maradufu. Kati ya gereji ya Hamburg yenye nyuzi 5 na chumba cha Majengo chenye nyuzi 28, hesabu mwenyewe. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma kama 12.7 ikiwa imetulia. Ikishuka chini ya 12.4 inataka chaji, na ikiachwa tupu kwa muda mrefu, fuwele ngumu za salfeti hufunika sahani zake na haishiki chaji tena. Kwa hiyo natoa waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya, napaka vichwa vaselini, na betri inakwenda kukaa chini ya meza, mbali na dirisha la magharibi. Mpwa wangu ana kazi moja tu: kila mwezi aipeleke ikachajiwe taratibu, na kama ni ya kutiwa maji atazame mistari miwili ya pembeni, aongeze maji ya betri pekee. Ya bomba hapana, ya kisima ndiyo kabisa hapana.

Mpwa huyo huyo ndiye aliyekuwa akiiwasha pikipiki kila Ijumaa kwa dakika tano. "Mjomba, nilikuwa naipasha isisahau," aliniambia, kwa nia safi kabisa. Wengi wanafanya hivyo, na ni katika mambo yanayoumaliza mtambo polepole. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji. Injini ikichemka barabara, maji hayo hutoka kama mvuke. Ukiizima kabla haijashika moto, yanabaki ndani ya salensa na kwenye oili, na salensa inaoza kutoka ndani. Chaji iliyotumika kuwasha nayo hairudi kwa dakika tano. Ama iendeshwe nusu saa nzima, ama iachwe ilale. Siku hizi ufunguo naufunga kwenye sanduku langu, na tumeelewana.

Salensa huzibwa kwa kitambaa kikavu na juu yake kipande cha tyubu kuukuu kilichokazwa kwa blada. Nyigu wa tope wanapenda matundu kama yale, na mende hawahitaji mwaliko. Mfuko mwembamba wa dukani ungefaa, ila ulipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017. Tyubu inashinda kwa vyovyote. Usisahau kuandika karatasi na kuibandika kwenye spidomita: SALENSA IMEZIBWA, TANGI LINA OILI. Utakuwa umesahau, au ataiwasha mwingine.

Ya kufunikia nayo huwachanganya watu. Turubai la nailoni linalozuia mvua huzuia pia jasho lisitoke. Mchana hewa iliyomo hupata joto na kubeba unyevu, usiku inapoa, unyevu unageuka matone juu ya chuma. Nimefunua pikipiki za watu wakati wa kiangazi, turubai kavu juu, chini yake kama imeoshwa. Ndani ya nyumba natumia shuka la pamba lililochakaa, linazuia vumbi na linapumua. Nje, kama huna budi, turubai liwekwe juu kama paa, kwenye nguzo, lisiguse pikipiki, na pande ziachwe wazi. Hapo utazuia mvua, jua linalopasua mpira, na kinyesi cha kunguru kinachokula rangi. Ukiwa na nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe, usiiegemeze ukutani, kwa maana kuta zile hunyonya maji na chumvi kutoka chini na kuzitema taratibu. Wala usiilaze stoo moja na chupa za jiki. Mvuke wake wa klorini hula chuma kwa kasi ya kushangaza.

Kwa vijana wa boda wanaosoma haya wakicheka, kwamba pikipiki yao hailali hata Idi, nao wana sehemu yao. Mtungi mmoja wa maji matamu chini ya pikipiki mwisho wa juma, hasa kwa wanaovuka Likoni, na brashi ya grisi kwenye spoki kabla ya masika, vinachukua muda mfupi kuliko foleni ya feri. Waliobaki wenye kurudi safarini: bima ya pikipiki kwetu hununuliwa hata ya mwezi mmoja, kwa hiyo nunua siku ya kuiamsha, usiilipie wakati imelala, ila ujue kwamba katika kipindi hicho ikiibwa hasara ni yako. Zibua salensa, suuza tangi, tia petroli mpya, piga kiki mara kadhaa plagi ikiwa nje, ndipo uwashe. Itatoa moshi wa buluu dakika za kwanza, ile ni oili ya kijiko. Klachi ikiwa imenata, ivute na kuiachia injini ikiwa moto kabla ya kuingiza gia. Breki zijaribiwe uani kabla ya lango kufunguliwa. Kutu nyepesi ndani ya ngoma hukwaruza mara chache kisha hunyamaza. Isiponyamaza, gurudumu linafunguliwa siku hiyo hiyo.